Sungura wa Pili

3 Machi, Jumatatu

Nimerudi kazini leo. Mama sasa anatembea, kwa fimbo na kwa kelele, na ile nyonga iliyofanyiwa upasuaji imeanza kumtii. Nimemwacha na jirani, nikaja maabara na furaha ya mtoto wa shule siku ya kufungua, kwa sababu kabla sijaenda kumuuguza niliacha kitu kizuri mezani.

Kitu chenyewe ni picha. Nilimweleza mama wodini, maana hakukuwa na mwingine wa kumweleza. Ndani ya seli kuna protini ambayo kazi yake ni kuwasha jeni. Ikiwa peke yake ni mvivu, inazurura tu. Ikibandikwa fosfati, sisi tunasema imevaa kofia, basi inaingia kwenye kiini na kuwasha zile jeni zinazoiambia seli gonjwa iache kuzaana ovyo. Kofia haionekani kwa macho. Inaonekana kwa kingamwili iliyotolewa kwenye damu ya sungura, ambayo inang'ata protini yenye kofia na kuiacha yenye kichwa wazi. Chupa ya kingamwili hiyo tunaiita Sungura, na mimi ninayeitunza wananiita Mama Sungura. Nilizipa seli dawa fulani, Sungura akang'ata, mstari mweusi ukatokea pichani. Nikarudia, nikarudia tena, jibu likawa lile lile. Dawa inavisha kofia, na hapa duniani mimi ndiye wa kwanza kuliona hilo. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo unavivisha vijidudu kofia. Na mimi nani atanivisha viatu?"

Leo nimeikuta picha yangu kwenye ubao wa korido, imekuzwa, imewekewa fremu ya buluu, na chini yake kuna jina la shemeji yangu.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu. Kazi hii nilimtafutia mimi. Siku mama alipoanguka, ndiye aliyenishika bega akaniambia, "Nenda ukamuuguze mama, shemeji. Huku nitakushikia." Kweli ameshika.

4 Machi, Jumanne

Nimemfuata. Hakubabaika hata kidogo. Alisema yeye amesaidia kuipanga vizuri, na kwamba mkutano wa kuonyesha kazi ulikuwa hausubiri mtu, na kwamba sisi ni familia, chake si changu? Akacheka ule mcheko wake wa kumalizia mambo.

Ukweli ni kwamba Profesa anastaafu mvua zikiisha. Wageni wanaofadhili maabara watakuja kusikiliza kazi kubwa ya mwaka, na atakayesimama kuieleza ndiye watakayemkabidhi maabara. Kila mtu humu anajua hivyo, mpaka mfagizi. Kiti hicho nimekitaka tangu nilipokuwa naosha chupa za wenzangu. Sasa shemeji anakiendea akiwa amepanda mgongo wangu, tena ananiomba nisitikisike.

Sijawahi kumchukia mtu hivi. Nimejaribu kuandika neno la upole zaidi, nimelikosa.

7 Machi, Ijumaa

Mvua imeanza. Korido linavuja pale pale pa mwaka jana. Ndoo imewekwa.

11 Machi, Jumanne

Chupa mpya ya Sungura imefika ndani ya sanduku la barafu, na karatasi ya kampuni inasema sungura wa kwanza amekufa, hivyo huyu ni wa pili. Damu ya sungura mwingine ni kingamwili nyingine, hata ikiandikwa jina lile lile kwenye chupa. Ndiyo maana kila chupa mpya lazima ipimwe kabla haijatumika, na hapa kwetu kupima ni kazi ya Mama Sungura.

Nimepima. Kuna kimeng'enya kinachong'oa fosfati, yaani kinavua kofia. Nikaichukua sampuli moja, nusu nikaiacha na kofia zake, nusu nikaivua zote, kisha nikawaachia Sungura wote wawili, yule wa zamani kwa matone machache yaliyobaki na huyu mpya. Wa zamani aling'ata penye kofia, pasipo na kofia akapita kimya. Huyu wa pili aling'ata kote, mistari miwili minene, myeusi, inalingana kama mapacha. Hajali kofia kabisa. Ukimtuma ahesabu wenye kofia, anakuhesabia watu wote waliomo uwanjani na anarudi akitabasamu.

Chupa ya namna hii kawaida inarudishwa ilikotoka siku hiyo hiyo. Nimekaa nayo mkononi mpaka vidole vikaanza kuuma kwa baridi, kisha nikairudisha kwenye jokofu. Utando wa kipimo, ule unaotokea mistari, nimeukata vipande nikautupa kwenye taka.

14 Machi, Ijumaa

Shemeji alikuja kuomba matone ya mwisho ya Sungura wa zamani. Ana dawa ya pili anayotaka kuijaribu, alisema, ili siku ya wageni awe na dawa mbili badala ya moja. Nikamwambia yamekwisha. Akasema pole. Alipotoka nikafungua ile chupa ndogo, nikaigeuza juu ya sinki, nikafungulia bomba.

Nilifanya hivyo nikiwa mtulivu. Nilitaka abaki na huyu wa pili peke yake.

19 Machi, Jumatano

Leo kaniuliza. Nilikuwa naosha mikono, yeye kasimama mlangoni na koti lake limelowa. "Shemeji, huyu Sungura mpya vipi, anang'ata?"

"Anang'ata," nikamwambia.

"Anang'ata vizuri?"

"Utachoka mwenyewe."

Akafurahi, akaondoka akipiga mluzi. Sikusema uongo. Humu ndani tuna maneno mawili, kung'ata na kubagua. Kila mwenye akili anauliza yote mawili, kwa sababu kingamwili isiyobagua ni sawa na shahidi anayesema ndiyo kwa kila swali. Yeye aliuliza moja. Ni haraka yake, ndiyo imemponza, kama anavyoziba nafasi tupu za tando zake kwa maziwa ya unga, kabla ya kumwachia Sungura, wakati maziwa yenyewe yamejaa protini zenye fosfati, na nimeshamwambia hilo mpaka nikachoka.

24 Machi, Jumatatu

Mvua. Ndoo imejaa kabla ya chai.

2 Aprili, Jumatano

Nilikuwa namwonea Profesa huruma. Nilidhani mzee wa watu amedanganywa, na kwamba siku moja nitamkalisha nimweleze, ataona aibu kwa niaba yetu sote. Leo nimemkalisha.

Alinisikiliza huku akisafisha miwani kwa tai yake. Kisha akaniambia kwa sauti ya mtu anayefariji, "Najua picha ni yako, mama. Nilijua siku ile ile. Lakini wewe una mgonjwa nyumbani, na leo ni nyonga, kesho ni kingine. Maabara inataka mtu asiyeitwa nyumbani."

Nikamuuliza kama shemeji si mtoto wa yule yule mgonjwa, kwa kuoa. Akasema mwanamume ni tofauti. Alisema hivyo bila kuona haya, kisha akaniuliza kama mvua imenisumbua njiani.

Nimetoka humo nikipiga hesabu. Nilikuwa na mtu mmoja wa kumlipa, sasa ninao wawili, na bei ni ile ile. Siku ya wageni nitanyoosha mkono nitauliza swali moja tu: je, umevua kofia ukapima? Hatakuwa na jibu. Profesa atakuwa amekaa safu ya mbele, karibu na wageni, akimtazama mtu wake asiyeitwa nyumbani.

3 Aprili, Alhamisi

Nimelala vizuri.

8 Aprili, Jumanne

Dawa ya pili imetoa picha ambayo kila mtu anaizungumzia. Mstari mnene kuliko wa kwanza. Shemeji kanionyesha akiwa ameishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika cheti cha kuzaliwa. Nikaitazama kwa makini. Dawa ile inaiongeza protini yenyewe, basi, haiivishi chochote. Watu wamekuwa wengi uwanjani, wote vichwa wazi, na Sungura wa pili kawahesabu mmoja mmoja.

"Hongera," nikamwambia, na nikaipenda ladha ya neno hilo mdomoni.

13 Aprili, Jumapili

Mdogo wangu alituita kula, mimi na mama. Baada ya chakula shemeji alisimama mbele ya kabati la vyombo akafanya mazoezi ya hotuba yake, mwiko mkononi ndio fimbo ya kuonyeshea. Anaongea vizuri, siwezi kumnyima hilo. Mama alicheka mpaka akashika nyonga. Shemeji alipofika kwenye picha ya kwanza alisema "nilipoona mstari huu kwa mara ya kwanza," na macho yake hayakuyumba, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo na sahani yake mapajani.

Mama aligeuka akanitazama. Aliacha kucheka.

Jikoni mdogo wangu alinishika mkono wenye sabuni. "Dada, mimi mambo yenu siyaelewi. Niambie wewe. Kazi yake iko sawa?"

Nilimlea huyu. Nimembeba mgongoni, nimemsuka, nimemfundisha kusoma kwa makopo ya sukari na chumvi. Neno lilinijia mpaka kwenye meno.

"Anaongea vizuri," nikamwambia. Akanikumbatia, mapovu yote yakanimwagikia mgongoni.

17 Aprili, Alhamisi

Umeme ulikatika. Tulihamisha chupa zote kwenye jokofu la jenereta. Shemeji alimbeba Sungura kwa mikono miwili.

21 Aprili, Jumatatu

Mvua, mvua. Nguo hazikauki. Mama anauliza kila jioni kama nimegombana na mkwewe, nami kila jioni namjibu hapana.

29 Aprili, Jumanne

Leo nusura nimwambie. Mama alikuwa na kliniki, barabara ya kwetu imejaa maji, teksi zote zimekataa. Shemeji alikuja bila kuitwa, akakunja suruali mpaka magotini, akambeba mama mgongoni mpaka penye lami. Mama alikuwa anampiga bega kwa fimbo akimwambia aongeze mwendo, punda gani huyu. Wakacheka wote wawili ndani ya mvua. Nilikuwa nyuma yao na mwavuli, na kifua kikaanza kunilegea. Nikasema akimshusha tu, nitamvuta pembeni, nitamwambia rudisha chupa ile, haifai.

Alipomshusha alijifuta uso, akaniambia, "Shemeji, siku ya wageni nitataja jina lako mwishoni, kwenye shukrani. Umesaidia sana kuwatunza kina Sungura."

Kwenye shukrani. Nikafungua mlango wa gari, nikamwingiza mama, nikamshukuru shemeji kwa msaada wake. Kifua kikakaza tena, na kimekaza mpaka ninavyoandika.

5 Mei, Jumatatu

Wageni wameshafika mjini. Profesa amenyoa ndevu. Keshokutwa ni usafi wa jumla, kesho yake ndiyo siku.

Nimepiga pasi gauni la kijani. Swali nimelirudia mbele ya kioo mpaka likawa fupi kabisa.

8 Mei, Alhamisi

Niandike kama ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Chumba cha mikutano kilijaa. Wageni walikaa mbele, Profesa katikati yao. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa makamo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba, hakuandika kitu, alisikiliza tu. Mdogo wangu alikuja pia, kakaa nyuma karibu na mlango na kitambaa chake kizuri. Shemeji alieleza vizuri kuliko siku ya mwiko. Picha yangu ikapita. Dawa ya pili ikapita, watu wakaguna kwa kupendezwa. Mwisho kabisa jina langu likatokea kwa herufi ndogo, chini ya jina la fundi wa jokofu.

Wakapiga makofi. Profesa akauliza kama kuna maswali, na mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Kwenye dawa ya pili," nikasema, "umevua kofia ukapima?"

Nilikuwa nimesubiri kuuona uso wake msimu mzima. Niliuona. Kwanza hakuelewa, kisha akaelewa, midomo ikampauka. Wale wanaojua wakaanza kutazamana. Naziambia kurasa hizi bila kificho, nilisikia raha mpaka kwenye nyayo.

"Sikupima," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Kupima chupa mpya ni kazi yako, shemeji. Nilikuuliza. Uliniambia anang'ata."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, akijitetea, akidanganya, akikasirika. Sikujiandaa kwa mtu kusema lililotokea.

Mgeni mwenye miwani akageuza kiti chake kunitazama. Akauliza, taratibu tu, kama ni kweli mimi ndiye ninayepima. Nikasema ndiyo. Akauliza kama chupa hii niliipima. Nikasema niliipima.

"Na ulijua kwamba inang'ata hata pasipo na kofia?"

Nyuma kabisa mdogo wangu alikuwa amesimama. Ningeweza kusema sikujua, na kwa kuwa ule utando niliukata mwenyewe, hakuna ambaye angenibishia. Lakini ningekuwa nimesema sijui kazi yangu, na hilo ulimi wangu ulikataa. Huo ndio ukweli. Kiburi ndicho kilichojibu.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipofika."

Profesa akafunika uso kwa kiganja. Nikaona bado kuna mlango, nikauwahi. Nikasema yote kwa mkupuo, kwamba picha ya kwanza ni yangu, kwamba nimeporwa nikiwa wodini namuuguza mama yangu, kwamba Profesa anajua na aliniambia kwa mdomo wake. Nikasema ile ya kwanza ni kweli tupu, Sungura wa zamani alikuwa anabagua, nilimpima kwa mikono hii. Shemeji aliinamisha kichwa. Profesa hakukana.

Yule mama alinisikiliza mpaka nikaisha pumzi. Nadhani aliniamini kuhusu wizi. Alimtazama Profesa, na Profesa akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Kisha mgeni akanigeukia.

"Sawa. Picha ya kwanza ni yako," akasema. "Sasa irudiwe mbele yetu, na mtu mwingine, kwa chupa ile ya zamani. Ikitoka vile vile, jina lako linarudi mahali pake, na mengine tutazungumza. Tupo hapa mpaka Jumatatu. Neno lako peke yake leo siwezi kulichukua, utanisamehe. Tone moja si linatosha?"

Tone moja lingetosha. Hata nusu yake.

"Iko wapi hiyo chupa?" akauliza.

Shemeji akainua kichwa. Alikuwa anakumbuka siku aliyokuja kuomba, nilimwona akikumbuka. Nikasema imekwisha.

"Ilikwisha lini?"

"Niliimwaga."

Hakuniuliza kwa nini. Mle ndani hakuna aliyehitaji kuuliza.

10 Mei, Jumamosi

Mdogo wangu hapokei simu.

12 Mei, Jumatatu

Wageni wameondoka. Maabara atapewa mtu wa kutoka nje ambaye hatumjui. Profesa anaondoka mapema kuliko alivyopanga, bila sherehe. Picha zote mbili zimetolewa kwenye ubao, ile ya uongo na ile ya kweli. Tumewaandikia wenye kampuni kuuliza kama wamebaki na chochote cha sungura wa kwanza, hata mabaki ya chupani. Wamejibu haraka na kwa adabu kwamba hawana.

Nilikutana na shemeji kwenye ngazi. Alikuwa na boksi la vitu vyake. Nilidhani atanipita.

"Ilikuwa yako," akasema. "Nilijua ni yako. Ningekuwa mkuu ningekupa, siku moja."

"Usingenipa."

Akafikiri. "Labda nisingekupa," akasema, akashuka na boksi lake.

Nilimtazama mpaka akaishia. Nilikuwa na furaha, siwezi kuficha hapa. Hajakipata kiti, na boksi lenyewe lilikuwa jepesi. Furaha hiyo ilinifikisha mpaka mlangoni kwangu, ikaishia hapo.

16 Mei, Ijumaa

Mvua zimekatika. Mama amejivisha viatu mwenyewe leo, akaja kukaa nami barazani kwenye jua. Ameshasikia yote, kutoka kwa mdogo wangu, ambaye anamjia nikiwa kazini na kuondoka kabla sijarudi. Hakunigombeza. Aliuliza moja tu.

"Ile kofia uliyoniambia wodini. Uliiona kweli?"

"Niliiona, mama."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Basi waambie."

"Niliwaambia."

Akaiweka fimbo yake katikati ya magoti. Kisha akaniambia niende nikawaambie tena.